Machozi ya Mkanda wa Ng'ambo

Mliotuandikia mkitaka Otilie azimie, poleni sana. Hakuzimia. Mwanamke aliyeingia sinema kwa jasho lake hazimii kamera ikiwa inazunguka, hata kama nyuma ya turubai maiti anapiga fidla.

Maana ndivyo tulivyomwacha katika sehemu iliyopita ya hadithi hii. Amepiga magoti kando ya kitanda kidogo, ndani yake kuna mwanasesere wa nta aliyefunikwa shuka mpaka kidevuni. Yeye ndiye mama, na mtoto ndiyo kwanza amekata roho. Bwana Pecháček, mwongozaji, amenguruma katika pembe yake ya bati kwamba waanze. Hynek ameanza kuzungusha mpini wa kamera. Na yule mpiga fidla mgeni, aliyeletwa asubuhi hiyo kwa sababu wa kila siku ameshikwa na tumbo, akaanza kupiga, nyuma ya turubai la pembeni kati ya kamera na kitanda, wimbo ambao walioujua duniani ni watu wawili tu.

Mmoja ni Otilie Sejkorová. Wa pili ni Bohumír, mumewe, aliyeutunga jikoni kwao kule Žižkov, mtaa wa hapa Praha, akaondoka nao kwenda vitani. Ikaja kadi moja kutoka Omsk, Siberia, kisha kimya. Miaka minane ya kimya.

Sasa, yule mpiga fidla alikuwa pale kwa kazi moja. Si kusikika kwenye filamu, maana filamu haina sauti. Kazi yake ni kumtoa mwigizaji machozi. Kuna wanaolizwa na nyimbo za kanisani, kuna wanaolizwa na nyimbo za dansi za ujana wao. Otilie alikuwa halizwi na chochote tena. Kwa muda mrefu machozi yake yalitoka kwenye chupa ya glisirini, na mafundi wa taa walikuwa wakitaniana kwamba ikiisha glisirini dukani, Bi Otilie atacheza harusi tu.

Mtasema angeinuka. Angerusha shuka, apasue turubai, amkumbatie mumewe. Mimi pia ningemshauri hivyo. Lakini Otilie alijua jambo ambalo hulijua mtu aliyelala peke yake miaka mingi. Maadamu hajaangalia, aliye nyuma ya turubai ni Bohumír. Akiangalia, anaweza akawa mtu yeyote. Kwa hiyo alibaki magotini, akaongea.

Kuongea hakukumshtua mtu. Waigizaji wa filamu bubu husema lolote lijalo mdomoni. Wiki iliyopita, katika kumbatio lile la kuagana ambalo mtaliona na kulia, Otilie na mwenzake walikuwa wakibishana kama madonge ya viazi yanahitaji yai au hayahitaji.

"Nani amekufundisha wimbo huo?" akamuuliza mwanasesere.

Fidla haikukatika. Sauti ya mwanamume ikajibu kutoka nyuma, nzito, ya mtu mwenye umri. "Mumeo, bibi."

Kumbe si yeye. Tumaini la Otilie lilikuwa halijamaliza hata kuzaliwa. Akashika ukingo wa kitanda, na Pecháček akapiga kelele kwamba hivyo hivyo, mikono hiyo hiyo, asiiondoe.

"Yuko wapi?"

"Endelea na kazi yako, usije ukakatizwa," ile sauti ikasema. "Alifariki, bibi. Homa ya chawa, ndani ya behewa, huko huko Siberia. Mimi ndiye niliyemfumba macho. Alinifundisha wimbo kabla hajazidiwa, akasema nikikupata nikupigie."

Otilie akalia.

Hakulia kama wanavyolia kwenye sinema, kichwa nyuma na kiganja usoni. Aliinamisha paji la uso juu ya shuka la yule mwanasesere na mabega yakaenda yenyewe. Ndani ya nyumba ile ya vioo, jua la Julai likiwachoma kutoka juu na taa zikiwachoma kutoka pembeni, hakuna aliyejikuna. Kilichosikika ni fidla, na Hynek akivumisha kwa pua wimbo wake wa gwaride, ule anaouvumisha kila siku ili mkono usiende mbio wala usichelewe.

Mkanda ukaisha. Hynek akaacha mpini.

Kisha wakapiga makofi. Mafundi wa taa, seremala, bibi wa mavazi, wote. Pecháček alikuwa anafuta macho kwa mkono wa koti lake la hariri. Ndivyo Otilie alivyofiwa na mume, msomaji wangu: mbele ya watu wazima, mchana kweupe, nao wakamshangilia.

Pecháček akamjia, akamshika mabega. Alitaka kujua yeye na yule mzee wa fidla walifanya mazoezi lini ya maneno yale, maana yamemchoma hasa, mume, behewa, Siberia, maneno ya kubuni kabisa lakini tazama yalivyofanya kazi. Otilie akasema yamekuja tu. Angesema nini kingine? Ukimwambia mwongozaji kwamba msiba ni wa kweli, anaagiza mwingine kesho.

"Basi usisogee hapo ulipo," Pecháček akamwambia. "Usijifute. Sasa tunapiga wa ng'ambo."

Wale wageni wa kazi hii labda hawajui. Filamu zetu za Praha hupigwa mara mbili. Mkanda wa kwanza ni wa nyumbani, wa pili unauzwa Vienna, Berlin na kwingineko. Kampuni zenye pesa huweka kamera mbili bega kwa bega na kumaliza kwa mara moja. Kampuni ya Pecháček ilikuwa na kamera moja, kwa hiyo kila kicheko kilichekwa mara mbili na kila mtoto alikufa mara mbili.

Hynek akaja na utepe wake wa kupimia, kama kawaida, kupima umbali kutoka lenzi mpaka usoni. Huo ulikuwa wakati pekee wa siku ambao mikono yake ilikaribia shavu la Otilie bila mtu kuinua nyusi. Miaka mitatu alikuwa akimpima hivyo. Miaka mitatu alikuwa akimletea keki ya cheri kila Jumapili, ya mama yake, na kumwuliza kama ameshaenda mahakamani. Maana mahakama ingemtangaza Bohumír marehemu kwa dakika chache tu, kama ilivyowatangaza wengi. Na Otilie jibu lake lilikuwa moja, kwamba hawezi kumuua mume wake kwa mhuri. Siku atakayoletewa habari na mtu aliyeona, siku hiyo Hynek aulize tena.

Basi habari imeletwa. Na katika studio nzima, Hynek peke yake ndiye aliyejua kwamba ni habari.

"Pole, Otilie," akasema, utepe ukiwa umenyooka kati yao.

"Asante."

"Siulizi leo. Wala kesho siulizi."

Otilie akamtazama. Hynek alikuwa na huzuni ya kweli, na chini ya huzuni furaha ya kweli, na maskini hakujua aifiche wapi. Wala Otilie hakumchukia kwa hilo. Pale pale, macho yakiwa bado mabichi, alijiona mezani siku ya Jumapili, sahani mbili badala ya moja, na mtu wa kumwambia kwamba chumvi imezidi. Alishangaa jinsi jambo dogo kama hilo lilivyomtia njaa. Mtu ukikaa na upweke muda mrefu unasahau kwamba ni maumivu, unadhani ndiyo nyumba ilivyo.

"Jumapili nitapika mimi," akamwambia. "Mwambie mama yako asihangaike na keki."

Hynek akakunja utepe wake vibaya, akaukunjua, akaukunja tena. Akarudi kwenye kamera akikwaa waya.

Pecháček akainua pembe ya bati. Aliwaagiza waliokuwa mbele ya turubai na aliyekuwa nyuma yake kwamba hataki jipya kwa mtu yeyote. Magoti yale yale, mikono ile ile, wimbo ule ule, na yale maneno waliyosemezana wayarudie neno kwa neno, maana ndiyo yaliyoleta machozi. "Lia tena, mama yangu," akamalizia. "Wajerumani nao wana mama zao."

Mpini ukazunguka. Gwaride la puani likaanza, safari hii kwa furaha kidogo, mtu akitega sikio angelisikia. Fidla ikaanza.

Otilie hakuhitaji kujikaza. Aliinama juu ya mwanasesere, na machozi yalikuwa bado karibu. Akauliza kama mtu anayesoma sala aliyoizoea.

"Nani amekufundisha wimbo huo?"

"Mumeo, bibi."

"Yuko wapi?"

Fidla ikaendelea. Jibu halikuja. Pecháček akasubiri, akachungulia turubai, akanyoosha shingo. Otilie akauliza tena, polepole, akidhani mzee hakusikia.

Ndipo ile sauti ikaja chini kabisa, chini ya wimbo, ya kumfikia aliyekuwa karibu tu. Otilie alikuwa karibu. Hynek, mguu wake ukiwa kando ya turubai, alikuwa karibu pia.

"Bibi, nisamehe. Nilikuja na uongo wa mara moja. Sikuambiwa kwamba hapa mnapiga mara mbili."

Otilie hakuinua kichwa.

"Yu hai," mzee akasema. "Yuko Kolín. Alirudi na meli ya mwisho ya askari, na mke wa Kirusi, na sasa wana watoto. Alisikia kwamba hutaki kumtangaza marehemu. Ikamkosesha usingizi. Akanifundisha wimbo, akanituma nije nikwambie amekufa, upumzike."

Lile gwaride la puani lilikuwa limekoma. Mpini uliendelea, lakini sasa ulikuwa unakwenda gizani, bila wimbo wa kuushika mkono.

Kolín. Treni ya asubuhi inafika Kolín kabla kahawa haijapoa tumboni. Otilie alikuwa amepita Kolín mara ngapi, akienda kucheza Brno, akila mkate wake dirishani?

"Anajua ninapokaa?" akauliza.

"Anajua kila kitu chako, bibi. Filamu zako hakosi hata moja. Mke anamwacha nyumbani, anaingia peke yake, anakaa nyuma. Ukilia, hutoka kabla taa hazijawashwa."

Machozi yakakauka usoni mwa Otilie kama yamefutwa na mtu. Miaka yote ile. Mama aliyefukuzwa na wakwe, mjane wa msagaji, dada wa mfungwa, nafasi zote zile alizozililia kwa glisirini na nyingine alizozililia bila glisirini, Bohumír alikuwa pale gizani, amekunja mikono, anatazama.

Akainua uso. Akatazama moja kwa moja ndani ya lenzi.

Katika kazi ile hakuna dhambi kubwa kuliko hiyo. Mwigizaji anaweza kuja amelewa, anaweza kumpiga kofi mwongozaji, lakini halitazami tundu la kamera, maana akilitazama anamtazama mtazamaji machoni na uongo wote unaanguka. Pecháček alikuwa ameinuka kitini na pembe yake, anapiga kelele, "Lenzi! Toa macho kwenye lenzi!"

Otilie hakutoa.

"Na mimi nilidhani nalia peke yangu," akaliambia lile tundu jeusi.

Akaendelea kutazama mpaka mkanda ulipoisha.

Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Pecháček alitupa pembe, akaiokota, akasema Otilie ameua mtoto mara ya pili kwa kweli. Kisha akatembea kwenye theluji ya chumvi iliyomwagwa sakafuni kwa ajili ya kesho, akatafakari. Akarudi amepoa. Mkanda hana mwingine, na kitanda kinabomolewa jioni hiyo kupisha kanisa la filamu nyingine. Basi waachie hivyo hivyo, akasema. Berlin watadhani ni sanaa.

"Mkono wangu ulipunguza mwendo," Hynek akamwambia kwa sauti ya kukauka. "Mpini ukienda polepole, mtu huonekana ana haraka kwenye filamu."

"Mama ambaye mtoto wake amekufa ana haraka ya nini?"

Hynek akachomoa kopo la mkanda kwenye kamera. Alikuwa anamtazama Otilie akizunguka turubai.

Nyuma yake alikaa mzee mmoja kwenye sanduku la misumari, skafu shingoni pamoja na joto lile, fidla juu ya magoti. Jina lake Vavřinec. Alimtazama Otilie usoni, uso ule wa rangi ya manjano wanaopakwa ili uonekane mweupe kwenye filamu, akashusha macho. Akasema hajawahi kuwa mwongo mzuri. Akasema Bohumír si mtu mbaya, ni mwoga tu, na waoga wana adabu sana. Akaanza kufunga fidla.

"Anakungoja Kolín?" Otilie akamuuliza.

Mzee akakosa pa kutazama. "Hapana, bibi. Tumekuja pamoja. Yuko hapo ng'ambo ya barabara, kwenye baa ya Samaki Wawili."

"Anangoja nini?"

"Nimwambie kama umelia. Alisema ukilia, basi umemzika, naye atalala."

Otilie akaenda mpaka kwenye ukuta wa vioo. Chini, barabara ya Vinohrady ilikuwa na kivuli upande mmoja. Baa ilikuwa imefungua madirisha kwa joto. Kwenye meza ya dirishani alikaa mwanamume amewapa mgongo, kofia kando, bilauri ya bia mbele yake haijaguswa. Nywele zimepungua. Lakini kisogo hakizeeki kama uso. Otilie alikuwa amekinyoa kisogo kile kwa mkono wake, jikoni, kila mwisho wa mwezi, na angekijua hata katika umati wa mazishi.

Hynek alikuwa amekuja nyuma yake, kopo la mkanda kwapani. Naye akaona alichokuwa akikitazama. Otilie hakugeuka.

"Nimwambie nini, bibi?" Vavřinec akauliza.

Alikuwa na majibu mengi, na yote yalimjia kwa pamoja. Mwambie ndiyo, nimelia, na mkanda upo, utafika Kolín wakati wa vuli, alipe kiingilio akaangalie. Mwambie hapana, ilikuwa glisirini. Mwambie anisubiri nishuke. Na angesema moja kati ya hayo, lakini chini pale Bohumír aligeuka, akachungulia mlango wa studio, akatazama saa ya mfukoni, akainua bilauri, akaiweka chini bila kunywa. Kumbe alikuwa anaona muda hauendi.

"Usimwambie kitu," Otilie akasema. "Keti, mzee wangu. Mwache angoje."

Vavřinec akaketi.

Pecháček akaondoka akipiga mluzi. Mafundi wakazima taa, wakavua aproni, wakamwaga maji ya ndoo, wakaenda zao kwa mafungu. Seremala akabeba kile kitanda, mwanasesere bado yumo, mguu wa nta ukining'inia. Wakabaki watatu katika nyumba ya vioo, na jua likashuka pole pole kwenye mapaa. Hynek alikaa juu ya sanduku la kamera. Hakuuliza kama Jumapili bado ipo. Otilie aliona kwamba hakuuliza, na alimshukuru kimoyomoyo, lakini shukrani si mapenzi, na wote wawili walilijua hilo.

Alisimama pale kiooni akimtazama mume wake akingoja. Alidhani atafurahi. Aliona tu mtu mwenye koti lililobana mabegani, anayegeuka kila mlango unapofunguliwa, na kila anapogeuka si yule anayemtaka. Otilie aliijua kazi ile. Hakuna mtu Praha nzima aliyeijua kuliko yeye. Na uchungu wake ulikuwa huu, kwamba huyo wa kule chini ndiye mtu wa kwanza katika miaka minane ambaye angeelewa akimsimulia.

Bohumír akainuka. Akalipa, akavaa kofia, akatoka nje. Tramu ya kwenda stesheni ikaja, ikasimama mbele yake, ikamficha. Otilie akakaza mkono wake kwenye chuma cha dirisha.

Tramu ikaondoka. Bohumír alikuwa bado amesimama pale pale. Kisha akavuka barabara.

Ngazi za studio ni za chuma, zinamsema kila anayezipanda. Zikaanza kusema. Vavřinec akavuta skafu mpaka mdomoni kama anayetaka kuingia ndani yake. Hynek akaweka kopo la mkanda chini, akaenda mlangoni, akasimama, mkono ukiwa karibu na komeo.

"Otilie," akasema. Alisema polepole, kama anavyosema akipima umbali. "Nifungue, au nifunge?"

Miaka minane Otilie alikuwa ameandaa maneno ya kumwambia mtu aliye nje ya mlango ule. Aliyapanga, akayapangua, akayasema usiku kwa mto wake mpaka yakawa laini. Ya kumwambia huyu aliye ndani hakuwa ameandaa hata moja.

Hatua zikakoma. Hodi haikupigwa. Kitasa kikashuka chenyewe.